Nimesinzia kwenye usaili

Shoga, nimesinzia kwenye usaili! Nimelala, mbele ya mhariri!

Asubuhi chafya zilinizidi, nikameza kidonge cha mzio. Mama naye akaninywesha dawa ya maji ya mafua: "Usiende kuwapigia watu chafya." Nikanywa.

Naamka, karatasi ya jaribio, ile habari ya gazeti niliyopewa kusahihisha, imenigandia shavuni! Mhariri ananitazama tu. "Binti, habari yetu imekuchosha?"

Nikamweleza. Akampigia mkewe mfamasia, spika wazi: "Jamani! Zote mbili zina dawa ya mzio inayoleta usingizi. Asizichanganye tena, asome pakiti kwanza."

Mhariri akanigeukia: "Unaomba kazi ya kusoma na kusahihisha, na pakiti hukuisoma?"

Nilitaka kuzama sakafuni!

Akainua karatasi yangu. "Lakini makosa yote uliyakamata kabla hujalala. Njoo Jumatatu."

Jumatatu, shoga! JUMATATU!