Gari Limefika Uani kwa Mama

Kaka Elia,

Shikamoo. Mkono bado unaandika hivyo, haujakubali. Asubuhi ile ulikunywa uji, ukanitania kwamba nashika sururu kama mwiko, ukatangulia. Nilipofika kwenye kona ya barabara yetu nikakukuta umelala kifudifudi. Nikadhani unanichezea. "Amka bwana, jua linatuacha." Kaka, hukuamka. Mtu mzima na afya yako, hata kichwa hakikukuuma!

Tulikupandisha kwa machela hadi Mtae, huko juu magari yanakofika, kwa njia ileile tuliyokuwa tunaichonga ili kitongoji chetu kisibebe tena wagonjwa mabegani. Hospitali wakasema ni moyo. Moyo! Moyo wako wewe?

Tulipokuzika nilitupa sururu nyuma ya jiko, nikaapa sirudi. Miaka yote ile watu wakituita vichaa, wewe ndiye uliyekuwa unanivuta. "Usiitazame barabara yote, mdogo wangu, utakata tamaa. Tazama lile jiwe. Leo tunaling'oa hilo, tunarudi kula." Sasa nani angenionyesha jiwe?

Matanga yalipoisha nikasikia kitu kinagonga huko juu. Nikakimbilia huko. Kumbe ni wifi Naomi, mkeo, kanga ya msiba kiunoni, anachimba palepale ulipoangukia.

"Wifi, unafanya nini?"

Hakugeuka. "Nimechoka kukaa. Shika upande ule."

Nikashika. Tulichimba huku tunalia. Siku nyingine nilichimba kwa hasira tu, hasira juu yako wewe, lakini nilichimba. Wale waliotucheka wakaanza kuja mmoja mmoja na majembe yao, kama watu wanaokuja kutoa pole.

Juzi gari likashuka. Gari, Elia! Likaingia mpaka uani kwa mama kumchukua binti wa jirani aliyeshikwa na uchungu. Nilisimama mikono kichwani, nimeduwaa, hata kumfungulia mlango nikashindwa. Mama alilishika lile gari kwa viganja vyote viwili, akasema, "Kumbe ni kweli." Binti amejifungua salama.

Nilikutafuta kwa macho kati ya watu. Nilikutafuta kweli, kaka.

Basi, pumzika. Leo naweza kukuaga, ingawa ulivyoondoka sijakuelewa. Kimebaki kipande cha kwenda shuleni, nacho kina mwamba mbaya. Nakuahidi tutakifikisha. Kesho wifi na mimi tunaanza.

Mdogo wako,
Rehema