Samahani ya Kiuzbeki

Lindi, Kibera
Juni 1995

Kwako Baba Annet,

Huku mvua imepungua. Annet ameng'oka meno mawili ya mbele, na dada yako Eddah amehamia Kawangware.

Jumatatu nilienda posta, nikapiga simu hapo chuoni kwenu Tashkent nikwambie mama yako ametoka hospitali. Simu ikashikwa na mwanamke. Nilipotaja jina lako akasema, “Men Sifunaning xotiniman.” Neno hilo la mwisho nalijua, kwa sababu kwenye barua zako zote huniita xotinim, yaani mke wangu.

Nikakumbuka maneno uliyonifundisha, ya kumwambia mtu amekosea bila kumvunjia heshima. Nikasema, “Kechirasiz, adashdingiz shekilli.” Samahani, nadhani umekosea.

Akajibu polepole, kama anayenionea huruma, “Yo'q, opa.” Hapana, dada.

Mama yako aliniuliza umesema nini. Nikamwambia laini ilikatika. Sitamdanganya tena. Niandikie wewe mwenyewe, kwa Kiswahili, na adabu uiweke kando.

Ni mimi ninayengoja,
Lenah