Uzi mwekundu

Jumapili, Uyole

Huyu Tuse atanimaliza. Asubuhi kanisani kaninong'oneza, kwa sauti ya kufika benchi la mbele, kwamba soksi za mchungaji hazifanani. Tukitoka, kamuuliza mama muuza viazi jino lake la juzi limeenda wapi. Nimeomba radhi mpaka mdomo umechoka.

Jioni ndiyo kaniweza. Baba yake, aliyerudi jana kutoka machimboni Chunya, alikuwa kampakata jikoni wakiota moto. Mtoto anachezea kifungo cha sweta.

"Baba, hiki nani kakishona? Mama anashonaga na uzi mweusi. Hiki kina mwekundu."

"Fundi," akasema, macho kwenye makaa.

"Fundi gani?"

Nikamfokea Tuse aende kulala, hata ugali hajamaliza. Mtoto wa miaka mitano, kila kitu lazima akione, kila alichokiona lazima akiseme, na mimi nitaishi vipi na... Kaenda analia.

Sweta lile nililifua mwenyewe jana, alipolivua tu. Uzi niliuona. Nikalianika, nikamtengea baba yake chai.