Dhahabu Iliyogeuka Rangi

Jumatatu, 4 Machi
Ijulikane kwa walio hai na waliolala: leo mimi, fundi wa maabara, nimekabidhiwa kikombe kipya cha chai. Kina mpini!
Mengine ni madogo. Dada anayesomea shahada hapa kwetu amemaliza kutengeneza dhahabu yake — chembe ndogo kuliko vumbi, zinaelea ndani ya toluini, kimiminika chenye harufu kali kama ya petroli. Nyekundu kama damu mbichi. Kila chembe imevaa koti la mafuta ili zisigandane. Ameshaiosha mara mbili: tia ethanoli, ile spiriti, chembe zizame, zungusha kwa mashine, mwaga uchafu wa juu, rudisha toluini. Chupa ni hiyo moja. Ikiharibika, shahada ndiyo basi tena.
Mkuu wa maabara katangaza: Ijumaa wakaguzi wanakuja, kila kitu kiwe safi.

Jumanne, 5 Machi
Zambarau! Imelala nyekundu, imeamka zambarau, na kabati lake limefungwa; ufunguo tunao sisi watatu tu. Dada kaniuliza, "Kaka, umeigusa?" Wala. Mkuu naye kaapa hakuigusa. Mlinzi anadai jana, watu wameshaondoka, alisikia mashine ikinguruma. Nikamwambia apunguze kulala kazini. Lakini nywele zilinisimama.
Pengine ni uchafu uliobaki. Walipokwenda kula nikaiosha. Mara moja, kimyakimya. Atafurahi.

Jumatano, 6 Machi
Bluu. Bluu ya midomo ya maiti.
Dada anaongea na chupa: "Nimekukosea nini, mwenzangu?" Mkuu, msomi mzima, kanivuta pembeni kuuliza kama kuna mtu aliwahi kufia humu. Nikasema labda kwa njaa, mwisho wa mwezi. Hakucheka. Baada ya chakula nikagusa kifuniko cha mashine — kina joto, kama ubavu wa mnyama. Na mimi leo sijaiwasha.

Alhamisi, 7 Machi
Kijivu. Sikuingia peke yangu.

Ijumaa, 8 Machi
Toluini angavu kama maji, vumbi jeusi chini. Nimetikisa — haliinuki. Dada kakaa sakafuni. Mkuu akavua miwani: Jumatatu jioni aliiosha, mara moja tu, kwa nia njema, wakaguzi wasije wakamwaibisha binti wa watu. Dada akaangua kilio. Na yeye kaiosha juzi, saa ya chakula, akidhani rangi itarudi. Kila tulipoosha tulivua koti la mafuta kidogo, hadi likaisha lote. Chembe zimekumbatiana zikazama.
Kisha wote wawili wakanitazama mimi.
Nikasema ngoja nikawapokee wageni.
Niko nao koridoni, naandika nimegeukia ukuta. Wamekuja kukagua mitungi ya kuzimia moto tu.