Shukrani Niliyomficha Mama Kadzo

Mpendwa mama,

Mwaitu, mama yangu, nakuandikia nikiwa wima. Karatasi nimeiweka juu ya friji kwa sababu kila nikikaa nainuka. Uani nimefagia, kisha nikafagia tena palepale, hata Bi Mwanamisi mwenye nyumba akachungulia dirishani akaniuliza, "Mwanangu, umepoteza hereni?" Nikamwambia ndiyo. Akatoka na kimo chake kile kifupi akaanza kunisaidia kuitafuta, na mimi nikainama naye, tukatafuta hereni ambayo haipo. Ungetuona ungecheka mpaka ushike mbavu.

Kesho ni Jumapili na tunatoa shukrani kanisani. Mumbua wangu, wajina wako, amepona. Alishikwa na nimonia ghafla, akawa anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima, tukampakia kwenye tuktuk hadi barabarani na kutoka hapo tukapata gari la kutupeleka Msambweni. Tulilazwa wadi ya watoto. Sasa yuko uani anamkimbiza kuku ambaye kesho tunampeleka madhabahuni. Mtoto anacheka, kuku hacheki. Nami, ambaye ningepaswa kucheka kuliko wote, sina raha tangu mchungaji aliponipigia simu akasema, "Mama Mumbua, Mungu amekutendea. Usikae na muujiza nyumbani."

Wewe jambo kama hili lisingekukosesha usingizi. Wewe ulikuwa ukishukuru kwa kila kitu. Ulishukuru maji yakitoka mferejini, ulishukuru yasipotoka ila umepata ndoo kwa jirani. Unakumbuka Jumapili ile uliposimama ukamshukuru Mungu kwa sababu msimamizi wako wa dobi kule hotelini Diani amekwenda likizo na sasa mnafua mashuka kwa amani? Msimamizi mwenyewe alikuwa amekaa benchi la nyuma yako, karudi jana yake. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Wewe uligeuka, ukamwona, ukasema, "Na ninashukuru amerudi salama." Kanisa zima lilianguka kwa kicheko, na yeye mwenyewe akacheka.

Lakini siyo hiyo ninayoikumbuka leo. Ninakumbuka ya baba. Ini lilikuwa limekwisha kumshinda, macho yamekuwa ya manjano, na wewe ukasimama mbele ya watu ukashukuru kwa imani, kwamba amekwisha kupona, ni mwili tu haujapata habari. Watu wakapiga makofi. Wiki ileile tukamsafirisha kwenda kuzikwa Makueni. Jumapili tuliyorudi Ukunda nilikuomba tusiende kanisani, ukajifunga kitambaa chako cheupe kana kwamba hukunisikia. Ulipofika wakati wa shuhuda ukainuka. Ukasema, "Bwana asifiwe. Leo sina la kusema. Nimesimama tu, asije akadhani nimehama." Ukakaa.

Njiani nilikuuliza kama hukumkasirikia Mungu. Ukasema, "Nimemkasirikia sana. Sasa hasira hiyo nikampelekee nani, jirani?" Nilikuwa msichana wa shule na nilidhani unanitania. Nilidhani kushukuru ni tabia yako tu, kama ulivyokuwa huwezi kula ugali wa baridi. Kwa miaka mingi imani yangu mimi ilikuwa ni kukaa kando yako benchini. Ulipoondoka mwaka juzi ndipo nilipogundua kwamba sijui kuomba. Nilikuwa nikifumba macho, nasikia sauti yako badala ya yangu. Nimejifunza polepole, maneno machache machache, kwenye foleni ya kazini, nikitandika vitanda vya wageni hotelini. Nilianza kufikiri nimekuwa mtu mzima wa imani. Kisha tukalazwa Msambweni.

Kitanda kilichopakana na chetu kilikuwa cha Mama Kadzo. Wewe hukumjua vizuri, alihamia kanisani kwetu ukiwa tayari unaumwa. Ni Mduruma, watu wake ni wa Kinango, anauza mahamri na viazi karai karibu na steji ya Ukunda, na kwenye kwaya tunaimba sauti moja. Kadzo wake na Mumbua wangu walikuwa rika moja, na ugonjwa uliwashika wiki moja, wote wamewekwa mpira wa hewa puani. Tulishirikiana kila kitu pale. Mimi nikienda kufua, yeye anakaa na wote wawili. Yeye akienda kutafuta uji, nakaa mimi. Mchungaji alipokuja alisimama katikati ya vile vitanda, mkono mmoja juu ya huyu, mmoja juu ya yule, akaomba ombi moja. Hakuwaombea huyu kisha yule. Ombi lilikuwa moja, na amina tuliitikia pamoja.

Mumbua alifumbua macho akaomba chapati. Kadzo alikufa asubuhi iliyofuata, mamake akiwa amekaa miguuni pake anamkata kucha.

Sasa niambie, mama, nasimamaje? Nikisema Mungu amesikia maombi yangu, nitakuwa nimesema nini kuhusu ya mwenzangu? Kwamba ya kwake aliyasikia akageukia upande wa pili? Nikisema Mungu ni mwema, kanisa litaitikia "kila wakati", na mmoja wa wanaoitikia ni yule aliyerudi kutoka Msambweni na leso tupu. Na nikikaa kimya, nitakuwa mtu wa namna gani? Mtoto ninaye. Namsikia hapa akimpigia kuku kelele. Kuna saa nashukuru, na saa hiyohiyo nataka kumuuliza Mungu swali kwa sauti ya kugombana. Sijui kama huku ndiko kukua. Labda ndivyo, maana hata mtoto akiota meno huwa na homa kwanza.

Basi nikatumia akili yangu. Unajua desturi yetu: siku ya shukrani mtu haendi mbele peke yake. Anasindikizwa. Ndugu, marafiki na kwaya wanamweka katikati, wanamwimbia, huyu amebeba unga kichwani, huyu mafuta, huyu madafu, na fahari ya mwenye shukrani ni urefu wa msafara ulio nyuma yake. Wako ulikuwa ukifika mlangoni. Mimi nikaamua wangu uwe wa watu watatu: mimi, mume wangu Mutua na mtoto. Nikamwomba mchungaji asitutangaze. Nikawaomba wanakwaya wengine wasitusindikize. Nikachagua ibada ya kwanza, maana Jumapili asubuhi Mama Kadzo huwa bado yuko kwenye karai lake, huja ibada ya pili. Tuingie, tutoe kuku, tutoke, asijue. Mutua alisema, "Hii shukrani ni kama tunaiba kitu." Nikamwambia anyamaze, hajui mambo ya wanawake. Nilijiona nina huruma na busara nyingi.

Lakini siri huwezi kumpa mtoto. Jana Mutua alimpeleka kununua viazi, wakaenda kwa Mama Kadzo, mahali ambapo mimi nimekuwa nikipakwepa kwa kuzunguka nyuma ya msikiti. Mama Kadzo akamuuliza wajina wako habari za nyumbani. Wajina wako akajibu, "Kesho kutwa tunapeleka kuku kanisani, mama amesema tusikwambie."

Leo amekuja. Hakupiga hodi. Aliingia na harufu yake ya mafuta ya kukaangia, akasimama mlangoni, mimi niko jikoni na wali motoni. Nikaanza kusema karibu, karibu dada, keti. Hakuketi.

"Mama Mumbua," akasema, "nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Mtu hufichwa mtoto wa mwenziwe akiwa na kijicho. Nikimwona wako nitamla? Mimi nimekuwa mchawi sasa, kwa kuwa wangu amekufa?"

Mwaitu, sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Nilidhani namkinga. Kumbe kila nilipozunguka nyuma ya msikiti yeye alikuwa akiniona kutoka kwenye karai, na alijua maana yake ni nini, kwa sababu huku kwetu pwani maana yake ni moja tu. Nikamwambia nilikuwa naogopa kumuumiza.

"Waniumiza kwa kunitenga," akasema. "Sikiza nikwambie. Siku ile ulipokwenda kufua, ni nani aliyebaki na Mumbua? Ni mimi. Akageuka rangi, midomo ikawa kama majivu. Nikamwita nesi, na nesi alipokuwa akimshughulikia mimi nilipiga magoti pale chini. Nilimwombea wako kabla ya wangu, kwa kuwa wako ndiye aliyekuwa hoi. Nilimtaja jina. Nikasema, Mungu, huyu Mumbua usimchukue, mamake yuko kwenye mabomba anafua, atarudi aambiwe nini?"

Akapangusa mikono kwenye leso ingawa haikuwa na kitu.

"Nimeomba mengi mwaka huu," akasema. "Nililojibiwa ni hilo moja. Nawe wataka kunipokonya?"

Wali uliungua. Nilisikia harufu nikashindwa kunyanyua mkono. Ni yeye aliyeingia akaliepua sufuria, akalifunika, akaniambia, "Weka makaa juu, wali utakulika." Kisha nikalia, mama, kilio kile nilichokizuia tangu Msambweni kwa kuwa niliona si zamu yangu kulia. Yeye hakulia. Alinisubiri nimalize kama anayesubiri mteja atafute chenji.

Nilimuuliza kama kweli ataweza kusimama pale kanisani. Akasema, "Mimi na Mungu siku hizi twasalimiana kwa mbali. Lakini hilo la Mumbua nitalishukuru, kwa kuwa niliomba na nikapewa. La Kadzo nitamuuliza, na nitaendelea kumuuliza. Ni mambo mawili hayo. Usiyafanye moja."

Nimesomewa Biblia tangu tumboni mwako, na sijawahi kusikia jambo likigawanywa hivyo.

Akauliza kesho mtoto anabebwa na nani. Nikasema atatembea, ameshakuwa mkubwa. Akasema hatembei, mtoto aliyetolewa kaburini hatembezwi kwenda kushukuru, anabebwa. Akamwita Mumbua, akachutama, akamfunga kwa leso mgongoni, akazunguka naye uani mara moja kama anayejaribu kiatu dukani. Mumbua akalaza shavu. Walipofika kwenye ukuta wa Bi Mwanamisi, Mama Kadzo akasimama akiuelekea, uso wake tusiuone, akakaa hivyo muda mrefu. Bi Mwanamisi alikuwa nje anaanika. Alituona, akaacha nguo zake kwenye beseni, akaingia ndani ampishe.

Mama Kadzo amekwisha kwenda sasa. Kesho atafunga kibanda. Nimempigia mchungaji nikamwambia atutangaze, na wanakwaya nimewapigia mmoja mmoja. Wengine wamenikaripia, na ni haki yao. Bi Mwanamisi ameleta madafu, akasema yeye kanisani haingii lakini madafu yake yataingia. Mutua ananitazama jinsi ninavyozunguka hapa jikoni, anasema, "Si mambo yameisha? Keti basi." Siwezi kuketi. Sijui nitasema nini nikipewa kipaza sauti. Ninalojua ni kwamba sitasema Mungu amenitendea mimi, kana kwamba nilikuwa peke yangu mle wadini. Nitasema kuna wanawake wawili waliomwombea mtoto huyu, nimwonyeshe aliyembeba. Baada ya hapo kama maneno yatakwisha, na yaishe. Ninashukuru, mama. Ninashukuru na roho haijatulia, na nimeacha kungoja itulie ndipo nishukuru.

Nikuache upumzike, ila nina ombi. Huko uliko kuna mtoto mgeni. Anaitwa Kadzo, ana kovu dogo kidevuni, alianguka kwenye ngazi. Ni mwoga kwa watu asiowajua. Ukimnyooshea mkono atajificha, kwa hiyo usimsemeshe kwanza. Chutama tu, umpe mgongo, atapanda mwenyewe.

Kesho mamake anambeba mjukuu wako. Nawe, Mwaitu, mbebee wake.

Ni mimi mwanao,
mama wa wajina wako