Kayaki ya Fundi Majeneza

Karakanani, 2 Juni

Kwako Mama,

Shikamoo. Ndiyo, nakuamkia mimi. Tangu nilipokupa jina la mama yangu, ukalichukua pamoja na ukali wake, sijui tena nani mzazi wa nani. Hujambo? Wagonjwa wako wodini wanaendeleaje? Mimi mzima. Goti linanisalimia kila asubuhi, nami nalijibu. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ilitumbukia kwenye ndoo ya gundi, na gundi ikakauka kabla sijaamua kama nina haja nayo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Unasema tangu nianguke hapa karakanani hulali, kwa hiyo nifunge kazi, nihamie kwako ghorofani, nikae kwenye kochi niangalie televisheni. Mama, mimi ni fundi wa majeneza. Watu wananihitaji, na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika.

Umeuliza nataka nini ili nikubali bila kelele. Sikia. Kwenye ile kalenda ya hospitali uliyoniletea kuna picha ya watu wawili ndani ya kayaki, ule mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu, kila mmoja na kasia lenye bapa pande zote mbili, wanacheka kama hawana madeni. Nataka siku moja ya namna hiyo, mimi na wewe, kwenye mto wetu wa msituni, kutoka darajani mpaka kituo cha askari wa misitu, asubuhi hadi jioni. Nikiimaliza vizuri, nabaki kwangu. Nikishindwa, nakuja kwako, na televisheni nitaiangalia hata ikiwa imezimwa.

Kayaki usitafute. Nitaiunda mwenyewe. Mbao ni mbao tu.

Nitumie urefu wako.

Ni mimi baba yako, ambaye pia ni mwanao.


Hospitalini, 9 Juni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na hii ndiyo shikamoo ya upande unaostahili. Huku sote wazima. Wauguzi wenzangu wameisoma barua yako, na wawili wameuliza kama bado unaoa.

Nimekubali, lakini kwanza nisikilize. Kuanguka si kitu, hata mimi huteleza. Kinachoninyima usingizi ni kwamba ulilala sakafuni toka asubuhi mpaka jua likawa utosini, na fundi cherehani yuko ukuta wa pili, anakusikia hata ukipiga chafya. Hukumwita. Alipokukuta, ukamwambia unakagua miguu ya meza.

Kwa hiyo twende huo mto, na mwisho wa siku nitaamua mimi, kwa kipimo changu, wala usiniulize ni kipi. Tutakwenda Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, maji yakiwa yamepungua. Tutaanza jua likichomoza. Tutapumzika kwenye mchanga pale mto unapopinda, na dawa ya presha utaimeza mbele ya macho yangu. Makoti ya kuelea nitaazima kwa askari wa misitu, na utalivaa lako hata likikufanya ufanane na godoro.

Urefu wangu unaujua, nimekupita kidogo. Lakini mbona unauliza urefu?

Mwanao.


Hospitalini, 4 Julai

Baba,

Shikamoo. Kama umekufa, usijibu.

Jana nilipigiwa simu na watu wanne wakinipa pole. Nilikaa chini stoo ya dawa nikalia mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa. Halafu akapiga fundi cherehani, anahema, anasema umeinuka na umeomba chai.

Nataka maelezo, na nayataka marefu.

Mwanao.


Karakanani, 8 Julai

Kwako Mama mkali,

Marehemu anakusalimu. Natumaini moyo wako umerudi mahali pake. Wangu haukutoka, ulikuwa umelala.

Ilikuwa hivi. Kayaki ilikwisha, inang'aa vanishi, nikaipandisha juu ya mabenchi mawili, nikaingia kupima urefu. Nikalala chali. Mikono haikuwa na pa kwenda, nikaikunja kifuani. Nikafumba macho nione raha yake, na raha yake nikaiona mpaka usingizi ukanichukua. Fundi cherehani akaja kuazima nyundo.

Yule bwana ana sauti, Mama. Nilipozinduka karakana imejaa, viti vimepangwa uani, na mwenyekiti wa mtaa anawaambia watu kwamba nilikuwa mzee mpole asiye na maneno mengi. Hapo nikainuka, maana uongo mkubwa kiasi kile sikuweza kuuvumilia. Wenye mbio walikimbia. Tuliobaki tukanywa chai, ilikuwa imeshachemka.

Sasa kuhusu urefu, umenikamata. Fundi cherehani, alipomaliza chai, aliizunguka kayaki, akachungulia ndani, akauliza, "Sasa humu mtakaa wapi?"

Nikatazama. Kiti hakuna. Pa kukunjia magoti hakuna. Pana nafasi nzuri ya watu wawili kulala, mmoja kichwa huku na mwingine kule, na pembeni vishikio sita vya shaba. Maisha yangu yote napima mtu aliyelala. Wateja wangu hawakai.

Ukimaliza kucheka, endelea kusoma. Nimeukata mfuniko, nimeweka vigoda viwili nilivyovipunguza miguu, maungio yote nimeyajaza gundi. Kisha nikaimiminia maji ndani na kuyaacha kutwa nzima, halikutoka tone. Vishikio nimeviacha, ni kazi nzuri.

Nitumie upana wako. Na usipunguze, mimi si mchumba wako.

Baba yako, mzima kabisa.


Karakanani, 30 Julai

Kwako Mama,

Ulifika salama? Kiuno hakijambo? Mimi mzima, ila mikono imegoma. Herufi yoyote utakayoiona imelala kama mnyoo, ujue nilikusudia isimame.

Siku ilikuwa tamu, nisikufiche. Ule ukungu wa asubuhi juu ya maji, na miti ya kando zote mbili imeinamiana kama inasengenya. Tulipoanza, wewe unapiga kasia kushoto na mimi kushoto, tukazunguka palepale mpaka kima waliokuja kututazama wakachoka wakaondoka. Kule mchangani ulinikodolea macho nikameza dawa, kisha nikakuigiza unavyowagombeza wagonjwa, ukacheka chai ikakutokea puani. Sijakusikia ukicheka hivyo tangu uvae hizo nguo nyeupe.

Halafu ukaja ule mti ulioanguka mtoni. Maji yakaanza kutuvuta upande wake. Nikapiga kasia, nikapiga tena, bega likakataa. Nikalitukana, halikusikia. Wewe uko mbele, nauona mgongo wako tu, unavuta peke yako ukidhani tuko wawili. Hapo ikanitoka.

"Mama, nimechoka. Siwezi. Nisaidie."

Maneno hayo sijawahi kumwambia mtu, hata mama yako, Mungu amrehemu, na yeye aliyangoja sana. Ukatupeleka kando kwenye matope, ukanishika mkono nikatoka, tukaivuta kayaki nchi kavu mpaka tukaupita ule mti. Niliona unafuta macho nikadhani ni wadudu. Toka hapo mpaka kituoni kasia lilikuwa lako, mimi abiria.

Tulisema kuimaliza siku, hatukusema kubebwa kama gunia. Nimeshindwa, na sitakubembeleza. Randa na misumeno nimevitia sandukuni. Fundi cherehani nimemwachia funguo, anafuta pua kwa suruali ya mteja. Nitakuja na basi la Ijumaa. Washa televisheni ianze kupata moto.

Baba yako, abiria.


Hospitalini, 2 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo. Habari za mikono? Fungua sanduku.

Kipimo kilikuwa changu, nilikwambia. Ulikuwa nyuma, hukuuona uso wangu. Mto mzima nilikuwa nasubiri kitu kimoja, na baada ya kula nikaanza kukata tamaa, maana nilikusikia ukihema kama mvukuto, na kila nikiuliza unasema unanusa msitu. Halafu ukasema. Wale hawakuwa wadudu.

Sasa najua ukianguka utapiga kelele. Hilo tu, Baba, ndilo nililokuwa nalitaka. Juzi nililala mpaka nikachelewa zamu.

Baki kwako. Ila kila ukikwama, mwite jirani. Nimezungumza naye, ameahidi kuja wakati wowote, hata kwa jambo dogo.

Mwanao anayekupenda.


Karakanani, 11 Agosti

Kwako Mama,

Hujambo, na usingizi haujambo? Mimi mzima kupita kiasi. Randa imerudi mahali pake.

Nimekutii. Jumatatu nilimwita fundi cherehani anifungulie kopo la vanishi, akaja mbio, pini mdomoni. Jumanne anikune mgongo, pale mkono usipofika. Jumatano nilimwita aniambie ni siku gani. Leo nilimwita kabla sijajua namwitia nini. Yuko hapa mbele yangu, futi ya kupimia shingoni, anasema nikuandikie kwamba hata yeye ana presha. Nimemwambia mambo ya presha akuandikie mwenyewe, kwa sasa anishikie ubao huu.

Ameushika. Ameuliza ni mpaka lini. Nimemwambia nikimaliza barua hii, na leo, Mama, naandika polepole sana.

Baba yako, anayesaidiwa.