Kishikio cha Bibi Yako

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Shangazi yako amejifungua salama. Mimi nalala zaidi kuliko kuamka, na nikilala namwona bibi yako.

Umeuliza kwa nini kishikio chake hakikupata hataza, ile hati ya serikali ya kumlinda mbunifu. Miaka ile serikali iliporuhusu biashara huria, tulikuwa na gesti hapa Singida, na chumvi ya maji iliziba mabomba ya mvua ya bafuni kila wiki. Bibi yako akabuni kishikio: unabonyeza, kichwa cha bomba kinachomoka, unakisugua, unakirudisha.

“Usimwonyeshe mtu kabla ya kupeleka maombi,” alinionya.

Nikawaonyesha wageni wote. “Mzee, mkeo kakuzidi akili!” walinitania, nami nikaona fahari.

Majibu ya maombi yake yalikuja kwa Kiingereza, bibi yako akaniomba nimsomee. Yalisema ubunifu ni wa akili sana, ila si mpya tena, kwani umeshaonyeshwa hadharani. Niliona aibu.

“Wanasema ni kitu kidogo mno,” nikamwambia.

Akainuka. “Basi, nikawachemshie wageni chai.”

Hakubuni kitu tena mpaka anakufa. Barua yenyewe ya majibu nimeiweka humu kwenye bahasha. Wasomee wanao, neno kwa neno.

Babu yako, anayekupenda.